Kasha la shaba na samani za laka nyumbani: soma dalili kabla ya kushika kitambaa

Kasha lililovuka bahari kutoka Surat au Bombay kwa jahazi, likapita mikono ya bibi na mama bila kudhurika, huweza kuharibiwa kwa asubuhi moja ya kusuguliwa kwa nia njema. Sikukuu inakaribia, kila kitu kinatakiwa king'ae, ndimu zinakatwa, na jioni mwenye kasha anashangaa kuona shaba imekuwa ya waridi na mbao zimeingia madoa.

Mwongozo huu unafuata dalili: unachokiona, kinachokisababisha, na cha kufanya. Nawaandikia wenye makasha ya misumari ya shaba, masinia, mirashi na vyetezo, samadari na meza zenye polishi ya zamani, hasa katika nyumba za Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa na Dar es Salaam. Waliohamishia vitu vyao Maskati au London wana shida za aina yao, nitazigusa. Kabla hujanunua dawa yoyote ya kusafishia, jiulize kitu kimewekwa wapi, kipi kimebadilika chumbani hivi karibuni, na mara ya mwisho kilisafishwa kwa kitu gani. Nusu ya matatizo hujulikana hapo hapo.

Kwanza ujue una nini

Chukua sumaku ndogo. Shaba ya makasha ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na sumaku hainasi juu yake. Ikinasa, ulichonacho ni chuma kilichovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Ukikisugua kwa polishi ya madini utaimaliza ngozi hiyo na kutu itaanza. Jaribu sehemu kadhaa, maana makasha mengi ya kweli yana makomeo na bawaba za chuma, na hiyo si kasoro.

Tazama skrubu. Skrubu za nyota zilianza kutumika viwandani miaka ya 1930. Ukizikuta kwenye kasha unaloambiwa lina miaka 150, ama limekarabatiwa ama limetengenezwa juzi. Funua kifuniko unuse: mtiki mkongwe una harufu kavu inayokaribia ya ngozi, ilhali mbao mpya zilizotiwa weusi kwa oili chafu au rangi ya viatu zinanuka kilichopakwa, na kitambaa cheupe chenye unyevu kitatoka na doa. Kasha jipya lililotengenezwa na fundi hodari ni kitu cha kujivunia. Kinachouma ni kulipia uzee usiokuwepo.

Halafu chunguza kilichopakwa juu ya mbao. Mahali pasipoonekana, kama nyuma ya mguu, gusa kwa pamba yenye tone la spiriti. Ikilainika na kunata, ni polishi ya spiriti, ile inayotengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa laki wa India. Spiriti isipofanya kitu lakini thina ikalainisha, ni laka ya kupuliza ya karne ya 20. Ila kama una shaka kwamba kitu kimetoka China, Japani au Burma, usikaribishe thina hata kidogo: laka ya huko ni utomvu wa mti unaopakwa tabaka juu ya tabaka, na kosa juu yake halirekebishiki nyumbani.

Kuna pia vanishi za mafuta za zamani, ngumu, ambazo spiriti haizisumbui sana. Zilizo bora katika karne ya 19 zilichemshwa kwa sandarusi, na sandarusi iliyosifiwa kuliko zote ilichimbwa ardhini Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja, ikapakiwa Unguja. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikiifuata hata kabla Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, hajafanya mkataba na Marekani mwaka 1833. Meza ya kale ya Kimarekani inayorudi leo Afrika Mashariki kwenye kontena huenda imevaa utomvu wa pwani hii hii.

Shaba imekuwa nyeusi au hudhurungi

Hali ya kawaida. Hewa, jasho la mikono na moshi wa ubani huifanya shaba ijifunike, na weusi uliotandaa sawasawa hauili shaba. Binafsi naona kasha lenye misumari ya hudhurungi ni zuri kuliko linalowaka kama la dukani. Pangusa vumbi kwa brashi laini, paka nta kidogo, acha.

Weusi ukiwa wa alama za vidole, ni jasho. Lina chumvi na asidi, na likiachwa miezi huchora alama inayobaki hata baada ya kupolishi. Pangusa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kushika.

Kuna kijani

Hapa tofautisha mambo mawili, kwa sababu tiba zake hazifanani.

La kwanza ni kijani kizito, laini, kinachofanana na nta, kilichojikusanya kuzunguka vichwa vya misumari. Asili yake ni mafuta. Watu hupaka mbao mafuta ya nazi ili zing'ae, mafuta yanaoza, asidi zake zinaungana na shaba na kutengeneza aina ya sabuni ya kijani. Kiondoe kwa kijiti cha mwanzi au cha meno, taratibu, bila maji. Kisha acha mafuta ya nazi yabaki jikoni na kichwani. Mbao zipewe nta ya nyuki kwa kiasi kidogo, mara moja au mbili kwa mwaka.

La pili ni unga wa kijani chepesi unaochimba vishimo, nao hurudi wiki chache baada ya kufutwa. Hiyo ni chumvi, na ndiyo hatari kubwa ya nyumba zetu. Kuta za zamani za mawe ya matumbawe zina chumvi ndani yake, na unyevu hupanda kutoka ardhini. Chokaa huuruhusu unyevu utoke. Ukuta huo huo ukipigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu unakosa njia, unazidi kupanda, na unatokea palipo na upenyo, mara nyingi nyuma ya kabati au kasha pasipopita hewa. Chumvi nayo hufyonza unyevu wa hewani, ndiyo maana ukuta unaloa wakati wa masika hata kama bomba halivuji.

Uthibitisho ni rahisi. Vuta kasha, gusa ukuta nyuma yake, tazama kama rangi inavimba au kuna unga mweupe. Linganisha shaba ya upande wa ukuta na ya upande wa chumba. Kijani kikiwa kimezidi nyuma na chini, usipoteze polishi. Toa kasha ukutani kwa nafasi ya kupitisha mkono, linyanyue kutoka sakafuni kwa vipande vya mbao ngumu chini ya miguu, na umwite fundi anayeijua chokaa aangalie ukuta. Kasha likiwa chini ya dirisha linalotazama bahari, chumvi inaingia na upepo: lihamishe, au zoea kulipangusa mara kwa mara kwa kitambaa kikavu.

Baada ya hapo ndipo ushughulikie shaba yenyewe. Kwaruza unga kwa kijiti cha mbao. Kitu cha shaba tupu, kisicho na mbao, kisuuze mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri (hakikisha ni maji, maana asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana), kisha ukaushe juani na kupaka nta. Kilichopigiliwa kwenye mbao kipanguswe tu kwa kitambaa chenye unyevu mdogo na kukaushwa papo hapo.

Kuna madoa mekundu au ya waridi

Uliza kama ndimu na chumvi vimepita. Asidi ikisaidiwa na chumvi huondoa weusi kwa dakika chache, na hapo ndipo watu huipenda. Lakini ikiendelea kukaa huila zinki kwanza na kuacha shaba nyekundu juu. Ukwaju, ambao nyumba nyingi za pwani na za Wahindi wameutumia kwa masinia tangu zamani, ni mpole zaidi, nao una masharti: dakika chache tu, bila chumvi, usuuzwe kwa maji mengi, ukaushwe kabisa. Na uwe wa masinia na vyetezo peke yake. Kwenye kasha, maji ya ukwaju hupenya nyuma ya bamba na chini ya vichwa vya misumari, yanabaki humo, na kazi ya kuila shaba inaendelea mahali usipopaona.

Waridi lililo juu juu huondoka kwa polishi laini ya madini. Ukiona shaba imekuwa kama sifongo, yenye vitundu, inayomeguka ukucha ukipita, zinki imetoka hadi ndani na hakuna polishi itakayoirudisha. Usisugue, usivute, usinyooshe. Pakaushe, paka nta, na bamba likiwa limelegea funga uzi wa pamba kulishikilia mpaka upate fundi.

Ukilazimika kung'arisha misumari ya kasha, kata kadi ngumu, toboa tundu la ukubwa wa kichwa cha msumari, uiweke juu yake ili polishi isiguse mbao. Ni kazi ya subira, na kasha lenye misumari mia kadhaa haliishi kwa siku moja. Ule unga mweupe unaoonekana kwenye nakshi za makasha mengi ni polishi ya miaka iliyokauka. Mswaki laini mkavu na kijiti vitautoa.

Shaba imepasuka bila kuangushwa

Ufa mwembamba kwenye shingo ya mrashi au ukingo wa chombo kilichofuliwa kwa nyundo hutokana mara nyingi na amonia. Shaba iliyokunjwa au kufuliwa hubaki na mkazo ndani yake, na amonia huufungua. Jeshi la Waingereza huko India lilikuta maganda ya risasi ya shaba yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yakipasuka kila msimu wa mvua, na mwaka 1921 wataalamu wakaeleza sababu: amonia kutokana na mikojo ya wanyama, ikisaidiwa na unyevu. Nyumbani kwako inaweza kuwa stoo iliyopakana na banda la kuku, paka aliyezoea kukojoa nyuma ya kasha, au dawa ya kusafishia vioo, ambayo nyingi huwa na amonia. Soma lebo. Ufa ukishatokea haufungi. Hamisha chombo, kiweke mahali pakavu, na mwambie fundi wa kulehemu kwamba hutaki moto mkali.

Mistari myeusi inatambaa chini ya mng'ao

Hapa kuna laka inayong'oka. Vitu vingi vya shaba vya karne ya 20, taa na meza za trei hasa, vilipuliziwa laka isiyo na rangi ili visichakae. Laka inapopasuka, hewa yenye chumvi huingia kwenye mwanya na weusi unatambaa chini yake kama mizizi. Kupolishi juu hakusaidii, kwa kuwa huigusi shaba.

Dawa ni kuondoa laka yote. Tumia thina au asetoni kwa pamba, madirisha wazi, mbali na jiko, sigara na mshumaa. Kitu kidogo cha shaba tupu kinaweza kuchemshwa kwenye maji yenye magadi mpaka laka ijivue yenyewe. Usifanye hivyo kwa vinara vizito, kwani vingi vimejazwa lami au plasta chini. Ukimaliza, polishi, futa mafuta yote kwa spiriti, kisha uchague kati ya laka mpya na nta. Mimi huchagua nta kwa pwani. Laka ikipata ufa mmoja unaanza upya, na ikipuliziwa siku ya mvua hunasa unyevu na kubaki nyeupe kama ukungu. Nta inaisha polepole, na mtu yeyote nyumbani anaweza kuirudia.

Meza ina pete nyeupe, au inanata

Pete nyeupe ya glasi ni unyevu ulionaswa ndani ya polishi ya spiriti. Iache kwanza siku kadhaa, nyingine hutoweka zenyewe. Ikibaki, sugua kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo na majivu yaliyochekechwa, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Pete nyeusi ni jambo tofauti: maji yameshafika kwenye mbao, na hiyo ni kazi ya seremala.

Kunata kuna sababu mbili za kawaida. Moja ni nta, mafuta na moshi wa jikoni vilivyolundikana; kitambaa chenye unyevu wa maji ya sabuni laini, kilichokamuliwa sana, kitakuonyesha uchafu ukitoka. Nyingine ni kitambaa cha plastiki kilichotandikwa ili kuilinda meza. Vilainishi vilivyomo kwenye plastiki huhamia kwenye laka na kuifanya kuwa gundi, mpaka maua ya kitambaa yanachapika juu ya meza. Toa plastiki, acha uso upate hewa wiki kadhaa, usikwangue. Pengine utakuwa mgumu tena. Usipokuwa mgumu, laka itabidi iondolewe na fundi. Pamba au mkeka laini vinatosha kuilinda meza.

Laka nyeusi imefifia, imepauka, au inainuka kama magamba

Kwa laka za China, Japani na Burma, adui wa kwanza ni jua. Weusi huwa hudhurungi, mng'ao unakufa, na uso ulioungua na mwanga huharibiwa hata na kitambaa chenye maji. Usipake nta wala mafuta ukidhani umekauka tu. Ondoa kitu dirishani, pangusa vumbi kwa brashi laini ya rangi, basi.

Magamba yanayoinuka huonyesha ukavu. Laka hii huwa ngumu kwa unyevu, mafundi wake huianika kwenye makabati yenye unyevu wa asilimia 70 hadi 80, na inapenda kukaa kwenye asilimia 50 hadi 60. Unguja haitakauka hivyo. Kwenye chumba cha kiyoyozi Maskati, au karibu na hita ya London mwezi Januari, itakauka. Mbao za kasha zinapatwa na hayo hayo: zilizozoea hewa ya pwani hunywea, ubao wa kifuniko unapasuka, misumari inalegea. Weka kitu mbali na mkondo wa kiyoyozi na mbali na hita, na kinapowasili kutoka safarini kiache kimefungwa blanketi wiki chache kizoee polepole. Magamba yaliyoinuka yasibandikwe kwa gundi ya dukani. Weka karatasi laini juu yake na umtafute mhifadhi wa makumbusho.

Droo imekwama, misumari inatoka, kuna unga sakafuni

Droo za chini za kasha zikikwama Aprili na kufunguka Januari, ni masika yamezivimbisha. Usipige randa, ukizichonga wakati wa mvua zitacheza wakati wa kiangazi. Sugua mshumaa kwenye njia zake.

Msumari uliolegea usipigiliwe tena kwa nyundo kwenye tundu lile lile. Uvute, jaza tundu kwa kijiti cha mbao na gundi ya seremala, kisha uurudishe ule ule. Na usiruhusu misumari ya chuma izibe mapengo: chuma kikigusana na shaba kwenye unyevu wa chumvi huoza haraka, na kwenye mbao huacha doa jeusi lisilotoka.

Unga laini wa rangi ya mbao chini ya vitundu vidogo unamaanisha dumuzi wako kazini. Tandika karatasi nyeusi, gonga taratibu, rudi baada ya siku chache. Karatasi ikibaki safi, vitundu ni vya zamani. Kiini cha mtiki huwashinda, lakini mafundi wengi walitumia mbao nyepesi kwa migongo na sakafu za droo, na humo ndimo wanamojificha. Kitu kidogo cha mbao tupu kifunge plastiki, kamua hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na ukitoa usikifungue mpaka kirudi kwenye joto la chumba. Chenye laka ya Asia au nakshi za pembe usikigandishe.

Kila kitu ni safi lakini chumba hakipendezi

Shaba haitoi mwanga, inaurudisha. Ikionekana ya kijivu, tazama balbu kabla ya kulaumu polishi: taa nyeupe za baridi huua manjano yake. Weka balbu za mwanga wa joto, karibu 2700 kwenye lebo, ziwe pembeni na chini badala ya moja kali katikati ya dari.

Chumba kikiwa kizito, kuna vitu vingi vinavyong'aa vikishindana. Nyumba za zamani za Lamu ziliijua kazi hii: kuta nyeupe za chokaa, zidaka zenye vyombo vichache vya kaure, na kila kitu kimezungukwa na utupu. Kasha moja linatosha ukuta mzima. Masinia matano yaliyotundikwa mstari hufanya sebule ifanane na duka. Teua lililo zuri zaidi, mengine yapokezane zamu. Laka nyekundu au nyeusi ikae mbali na shaba nyingi, karibu na mkeka, pamba na mbao isiyopakwa kitu.

Na anayewaza kugeuza mlango wa kale kuwa meza, asimame kidogo: Tanzania Bara, milango iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Uliza Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kununua.

Kahawa ya dele la zamani ina ladha ya chuma

Acha kuinywa. Madele na mabuli ya shaba hupakwa bati kwa ndani, na bati likiisha shaba huingia kwenye kinywaji. Maungio na shaba yenyewe ya zamani vinaweza pia kuwa na risasi, yaani yale madini yenye sumu. Chungulia ndani kwa tochi: palipo rangi ya fedha bati lipo, palipo manjano au wekundu limekwisha. Kama kuna fundi anayetia bati safi lisilo na risasi, mpelekee. La sivyo dele likae kwenye sinia kama pambo, na kahawa ipikwe kwenye chombo kingine. Sinia pia lisipakuliwe achari, ndimu wala embe mbichi moja kwa moja. Tandika jani la mgomba kwanza.